Grafu Inapokataa Kueleweka: Dalili, Chanzo na Tiba

Grafu mbovu hujulikana haraka. Msomaji anakunja uso, anaitazama mara ya pili, kisha anaruka kwenda aya inayofuata. Aliyeichora naye anabadilisha rangi, anakuza maandishi, anaongeza kivuli, na hali inabaki vilevile. Ni kwa sababu kasoro mara nyingi haipo pale inapoonekana. Unaiona kwenye mstari, kumbe imo kwenye mhimili. Unaiona kwenye rangi, kumbe imo kwenye swali ambalo mchoraji hakujiuliza.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, andika kwa sentensi moja swali ambalo grafu yako inatakiwa kulijibu. "Mauzo ya mwaka" si swali. "Je, mauzo yanapungua kila baada ya miezi ya mwanzo wa mwaka?" ni swali. Ukishindwa kuliandika, huna tatizo la grafu bado. Una tatizo la kujua unachotafuta, na hakuna programu itakayokutatulia hilo.

Umeitazama grafu, lakini huwezi kusema inasema nini

Jicho hukimbilia kitu kinene zaidi, yaani mstari au pau, na kuruka maandishi madogo ya pembeni. Geuza mpangilio huo. Anza na mhimili mlalo: ni miezi, ni umri, ni majina ya makundi? Nenda kwenye mhimili wima: unapima nini, kwa kipimo gani, unaanzia wapi, na kila hatua ni ngapi? Halafu ufunguo wa rangi. Mstari uwe wa mwisho.

Kisha chagua nukta moja, yoyote ile, uisome kwa sauti kama sentensi kamili: "Mwezi wa tatu, walisajiliwa wanafunzi 340." Ukikwama katikati ya sentensi, umegundua kilichokosekana. Pengine hujui kama 340 ni watu au ni maelfu ya watu. Pengine hujui kama ni idadi halisi au ni idadi kwa kila watu 100,000. Pengine hujui kama ni waliosajiliwa mwezi ule peke yake au tangu mwaka uanze.

Hilo la mwisho linapotosha watu wengi sana. Grafu ya jumla limbikizi, ile inayoongeza kila siku juu ya siku zilizotangulia, haishuki kamwe, hata kama matukio mapya yamekoma kabisa. Msomaji anaona mstari uko juu na anadhani hali inazidi kuwa mbaya. Kwenye grafu ya aina hiyo habari iko kwenye mteremko: mstari ukiwa mkali, matukio mapya ni mengi, ukianza kulala, yanapungua. Kama wewe ndiye mchoraji na swali lako ni "hali ya sasa ikoje?", chora matukio mapya ya kila siku au kila wiki, usimlazimishe msomaji kukadiria mteremko kwa macho.

Tofauti ndogo inaonekana kama mlima

Hapa chanzo kinajulikana: mhimili wima wa grafu ya pau haukuanzia sifuri. Chukua alama mbili, 82 na 85. Zichore kwa pau kwenye mhimili unaoanzia 80. Upau wa kwanza utakuwa na urefu wa hatua 2, wa pili hatua 5. Jicho litasema wa pili ni mara mbili na nusu ya wa kwanza. Ukweli ni kwamba 85 imeizidi 82 kwa asilimia 3.7 tu.

Upau unasomwa kwa urefu wake wote. Ukikata chini, umebadilisha ujumbe, hata kama nambari za pembeni ni sahihi na hata kama umeweka kale kaalama ka mhimili uliokatwa. Kwa pau, sifuri ni lazima. Sioni nafasi ya majadiliano hapo.

Kwa mstari mambo ni tofauti, na wanaohubiri kwamba kila grafu ianzie sifuri wanazidisha. Mstari unasomwa kwa mwelekeo na mteremko. Joto la mwili wa mgonjwa likichorwa kuanzia sifuri ya Selsiasi, tofauti ya 37 na 39.5 itakuwa kakunjo kadogo asikokaona mtu, wakati daktari anaihitaji kuliko kitu kingine chochote. Anzia 35 na utakuwa umesema ukweli. Kipimo cha haki ni hiki: badiliko linaloonekana kubwa kwenye karatasi liwe kubwa pia katika maisha ya jambo lenyewe. Na kama hujaanzia sifuri, sema hivyo kwenye maelezo chini ya grafu.

Mstari umelala, hakuna kinachoonekana

Tazama kwanza kama kuna thamani moja iliyopaa peke yake. Thamani moja ya 9,000 kati ya thamani za 20 hadi 60 itaubana mkusanyiko wote sakafuni. Usiifute ili grafu ipendeze. Rudi kwenye chanzo uhakikishe si kosa la kuandika, kama sifuri mbili zilizoongezwa kwa bahati mbaya. Kama ni kosa, rekebisha na uandike kwamba umerekebisha. Kama ni ya kweli, huenda ndiyo habari yenyewe. Chora grafu mbili: moja yenye kila kitu, nyingine ikikaribia zile ndogo, na ueleze wazi kwamba ya pili imeiacha ile moja nje.

Chanzo cha pili ni ukuaji wa kuzidisha. Mfululizo wa 10, 100, 1,000 na 10,000 kwenye skeli ya kawaida utalala kwa muda mrefu kisha ulipuke mwishoni, na utadhani mwanzoni hakukuwa na lolote, wakati kila hatua imezidisha iliyotangulia mara kumi. Skeli ya logi inatatua hili: umbali sawa kwenye mhimili unamaanisha kuzidisha sawa, kwa hiyo mfululizo huo unakuwa mstari ulionyooka. Ukiona mstari ulionyooka kwenye skeli ya logi, soma "unakua kwa asilimia ileile kila kipindi", usisome "unakua polepole".

Mwaka 2020 grafu nyingi za maambukizi ya UVIKO-19 zilichorwa hivyo, na kwa anayezisoma kwa mazoea ya skeli ya kawaida, ongezeko kubwa lilionekana kama mpando wa upole. Kwa hiyo ukitumia skeli ya logi, iandike kwenye mhimili na uifafanue kwa maneno. Usiitumie kwa pau kabisa: skeli hiyo haina sifuri, na upau usio na sifuri hauna mahali pa kusimama.

Programu imechora kitu ambacho hukukiomba

Umechagua safu ya miaka na safu ya thamani, na sasa kuna mstari wa ajabu juu kabisa karibu na 2,000, umenyooka, huku mstari wako halisi umebanwa chini. Programu imechukua miaka kama data. Ondoa mfululizo huo, kisha iambie kwamba safu ya miaka ni lebo za mhimili mlalo.

Thamani zote ni sifuri au hazionekani? Tazama seli zako. Kwa kawaida nambari hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto. Zikiwa zimeegemea kushoto, programu inaziona kama maneno. Mara nyingi kuna nafasi tupu iliyojificha mwishoni, alama ya asilimia iliyoandikwa kwa mkono, au koma iliyotumika mahali ambapo programu inategemea nukta.

La tatu ni la hatari zaidi kwa sababu grafu inatoka nzuri. Una data za 1990, 2000, 2010, 2015 na 2018, na programu imezipanga kwa nafasi sawa kana kwamba ni majina. Miaka kumi imepewa upana sawa na miaka mitatu. Mteremko wa mwishoni unaonekana mpole kuliko ulivyo, na hakuna onyo lolote. Badilisha mhimili uwe wa tarehe, au tumia grafu ya nukta ambayo inaichukua miaka kama nambari.

Mstari unaporomoka mwishoni, au umepita mahali pasipo na data

Kabla ya kutangaza anguko, angalia tarehe. Ukichora jumla za kila mwezi tarehe 12, mwezi wa mwisho una siku 12 tu. Hujaona anguko, umeona mwezi ambao haujaisha. Ukate, au uuchore kwa mstari wa vitone na uandike "haujakamilika". Hali ni hiyohiyo kwa taarifa zinazochelewa kufika, kama za hospitali na mahakama: siku za karibuni huwa chini kila mara, na hupanda zenyewe baadaye.

Kuhusu mapengo: data isipokuwapo, acha nafasi. Programu nyingi huunganisha nukta mbili za pembeni kwa mstari ulionyooka, na msomaji anaamini kwamba kati yake mtu alipima. Nyingine huweka sifuri, na hilo ni baya zaidi.

Mistari imesongamana

Mistari minne msomaji anaiweza. Kumi haiwezi, na ufunguo wenye rangi kumi unamlazimisha kwenda na kurudi mpaka achoke. Kama swali lako linahusu kundi moja dhidi ya mengine, lipe hilo moja rangi iliyokolea na mengine yote yawe ya kijivu. Kama linahusu kila kundi peke yake, gawa: grafu ndogondogo kumi zilizopangwa kwa safu, zote zikiwa na mihimili ileile. Hilo la mihimili ileile lisisahaulike, kwa sababu programu zinapenda kuipa kila grafu ndogo skeli yake, na hapo ulinganisho umekufa.

Jina la kila mstari liandikwe mwishoni mwa mstari wenyewe. Ukifanya hivyo, ufunguo wa pembeni hauna kazi tena, ufute.

Mistari miwili inafuatana mno, au pengo kati yake linadanganya

Grafu yenye mhimili mmoja kushoto na mwingine kulia inaweza kuthibitisha karibu chochote. Mchoraji ndiye anayechagua kila mhimili uanzie wapi na uishie wapi, kwa hiyo ndiye anayechagua mistari ikutane wapi. Mahali inapokatiza hapana maana yoyote, lakini ndipo jicho linapotua. Ushauri wangu ni kuiacha kabisa. Weka grafu mbili, moja juu ya nyingine, zikishiriki mhimili wa wakati. Au badilisha kila mfululizo uanzie 100: gawanya kila thamani kwa thamani ya kwanza, kisha zidisha kwa 100. Kitu kilichotoka 40 hadi 46 kinakuwa 115. Kilichotoka 2,000 hadi 2,100 kinakuwa 105. Sasa vimesimama kwenye mhimili mmoja, na kila mtu anaona kipi kimekua haraka zaidi.

Pengo nalo lina mtego wake, na ni wa zamani sawa na grafu zenyewe. William Playfair, Mskoti aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuchora takwimu kwa grafu, katika atlasi yake ya biashara ya mwaka 1786, alichora thamani ya bidhaa zilizoingia Uingereza na zilizotoka kama mistari miwili, ili nafasi kati yake ioneshe faida au hasara. Wazo ni zuri, lakini jicho halipimi nafasi hiyo kwa wima. Linapima umbali mfupi zaidi kati ya mistari miwili. Mistari inapopanda kwa ukali, hata kama pengo la wima limeongezeka, inaonekana imekaribiana. Tiba ni rahisi: kama swali lako ni tofauti, toa moja kwa nyingine kisha chora tofauti hiyo.

Chati ya duara haisaidii

Playfair huyohuyo ndiye aliyeleta chati ya duara mwaka 1801, na imependwa tangu hapo. Mimi siipigi marufuku. Kwa sehemu mbili au tatu, pale unapotaka kuonyesha kwamba kitu ni robo au zaidi ya nusu ya jumla, inafanya kazi yake vizuri. Tatizo linaanza vipande vikifika sita na tofauti zikiwa ndogo. Mwaka 1984, wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio kuhusu jinsi watu wanavyokadiria thamani kwenye grafu: makadirio yalikuwa sahihi zaidi watu walipolinganisha mahali kwenye skeli moja kuliko walipolinganisha pembe. Kati ya asilimia 17 na 19, duara halitakuambia chochote. Pau zilizopangwa kutoka refu hadi fupi zitakuambia mara moja.

Jumlisha vipande pia. Vikizidi 100, huenda watu waliruhusiwa kuchagua majibu zaidi ya moja, na hapo duara si mahali pake kabisa. Ukiona duara limelazwa na kupewa unene ili lionekane kama kitu halisi, jua kwamba kipande cha mbele kimekuzwa bila kustahili. Ondoa unene huo.

"Hakuna uhusiano," nawe huna uhakika

Dalili hii ndiyo ninayoomba uipe muda mrefu kuliko zote, kwa sababu grafu yenyewe inaweza kuwa safi kabisa. Kasoro imo kwenye kile ambacho hakikuchorwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi na wasimamizi walijadiliana kama baridi ingeathiri mipira inayoziba maungio ya roketi za Challenger, chombo cha anga cha Marekani. Wahandisi walikuwa na hofu, lakini hoja yao ilikuwa na tundu: hitilafu za mipira zilikuwa zimewahi kutokea hata siku za joto. Chombo kilirushwa asubuhi, kikasambaratika sekunde 73 baadaye, na watu wote 7 waliokuwamo wakafariki. Tume iliyochunguza ajali ikaweka grafu mbili kwenye ripoti yake. Ya kwanza ilikuwa na safari zilizopata hitilafu peke yake, na nukta zilitawanyika kati ya nyuzi 53 na 75 za Farenhaiti bila mwelekeo wowote. Ya pili iliongeza safari ambazo hazikupata hitilafu. Picha ikageuka. Safari zote 4 zilizorushwa kwenye nyuzi 65 au chini ya hapo zilikuwa na hitilafu. Juu ya hapo, zilizopata hitilafu ni 3 tu kati ya 20.

Nukta zilizoachwa ni zile ambazo hazikuwa na tatizo, na ndizo zilizobeba jibu. Kwa hiyo grafu ikikuonyesha walioshindwa, uliza walioshinda wako wapi. Ikikuonyesha wagonjwa waliotumia dawa, uliza wale ambao hawakuitumia.

Upande wa pili wa dalili hii ni kuamini muhtasari kabla ya kuchora. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Zote zina wastani wa 9 kwa x na karibu 7.5 kwa y, na zote zinatoa mstari mmoja wa makadirio, yaani mstari ulionyooka unaopita karibu zaidi na nukta zote. Ukizichora, moja ni mtawanyiko wa kawaida kuzunguka mstari, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari safi wenye nukta moja iliyoasi, na ya nne ni nukta zilizosimama wima pamoja na moja iliyoko mbali. Jedwali la wastani lisingekuonyesha tofauti hiyo. Chora nukta kwanza, ndipo ukokotoe.

Rangi

Chapisha nakala ya kijivu. Kama makundi yamefanana, rangi ilikuwa imebeba mzigo peke yake. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani, na hali hiyo ipo kwa watu wa kila mahali. Bluu na rangi ya chungwa ni salama zaidi. Bora zaidi, ongeza tofauti ya umbo au ya aina ya mstari.

Maelezo yako yanasomeka kama jedwali lililosomwa kwa sauti

"Mwezi wa kwanza zilikuwa 120, wa pili 131, wa tatu 128, wa nne 150..." Hayo si maelezo; ni data zilizopoteza safu zake. Eleza kwanza grafu inapima nini, wapi na kipindi gani. Kisha sema umbo lote kwa sentensi moja. Kisha taja kinachovunja umbo hilo. Nambari zije mwisho, tena chache: mwanzo, mwisho, kilele, na pale palipobadilika ghafla.

Kwa mfano: "Grafu inaonyesha idadi ya vitabu vilivyoazimwa kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kwa ujumla uazimaji ulipanda, kutoka vitabu 120 mwezi wa kwanza hadi 210 mwezi wa kumi na mbili. Mpando huo ulikatika mara moja, mwezi wa saba, vilipoporomoka hadi 64, na mwezi uliofuata vikarudi kwenye kiwango cha awali." Asiyeiona grafu hiyo, pamoja na anayesomewa na programu kwa sababu haoni, sasa ana picha yake.

Chunga "kwa" na "hadi". Kitu kilichopanda kwa 50 na kilichopanda hadi 50 ni vitu viwili, na herufi chache tu ndizo zinazovitenganisha. Chunga asilimia pia: ufaulu ukitoka asilimia 40 hadi 50, umepanda kwa pointi 10 za asilimia, yaani ongezeko la asilimia 25. Zote mbili ni sahihi, lakini anayesema "umepanda kwa asilimia 10" amekosea. Na neno "kusababisha" liweke mbali mpaka uwe na ushahidi nje ya grafu. Mistari miwili inayopanda pamoja inakuruhusu kusema inaambatana, basi.

Ukitaka kujua kama maelezo yametosha, mpe mtu ambaye hajaiona grafu, umwombe aichore kwa kalamu kutokana na maneno yako tu. Asihangaike na nambari ndogondogo, umbo linatosha. Kisha weka mchoro wake kando ya grafu yako. Popote mistari hiyo miwili inapoachana, ongeza sentensi.